Je, Kuna Chuma Kisichoshika Kutu? Somo la Kuchanganya Metali



Somo hili limetokana na swali tuliloulizwa na mzee mmoja wa kikundi cha kuvuna maji ya mvua. Kikundi chake kilikuwa kimechanga pesa kwa miezi mingi ili kununua mifereji ya kukinga maji ya paa. Muuzaji aliwaambia kwamba mifereji ile ni ya metali ya kisasa isiyojua kutu. Walilipa zaidi ya bei ya kawaida. Fundi akaja, akaunganisha vipande kwa kuchomelea, watu wakapiga makofi. Baada ya misimu miwili ya mvua, kila kiungo kilikuwa kimetoboka. Maji yakawa yanamwagika ukutani na tangi likabaki nusu.

Tulipofika kwenye mkutano wao akina mama walikuwa wamekasirika, na walikuwa na haki. Mzee huyo akasimama akauliza: "Mwalimu, tuambie ukweli. Kuna chuma kisichoshika kutu, ama tumedanganywa tangu mwanzo?" Tulimjibu haraka haraka kwamba hakuna, chuma ni chuma na maji ni maji. Baadaye tulipoenda kusoma tukagundua kwamba jibu letu halikuwa kamili. Tunamwomba radhi mzee, na tunaleta jibu refu zaidi. Ni jambo la sayansi, lakini msiogope. Tutaanza jikoni.

Chukueni sukari vikombe viwili, maji kikombe kimoja, na ndimu. Gawanyeni sukari na maji sawasawa katika sufuria mbili. Katika sufuria ya pili ongezeni kijiko kimoja cha maji ya ndimu. Chemsheni zote mbili bila kukoroga, mpaka tone mkilidondosha katika maji baridi ligande na kuvunjika kwa mlio. (Tafadhali watoto wakae mbali. Sukari ya moto inang'ang'ania ngozi na inaunguza vibaya kuliko maji.) Sasa mimineni kiasi kidogo kutoka sufuria ya kwanza juu ya sinia baridi iliyopakwa mafuta. Itaganda mara moja, nayo itakuwa angavu kama kipande cha chupa. Zile zilizobaki katika sufuria zote mbili, ziacheni zipoe polepole huku mkizikoroga. Ile isiyo na ndimu itageuka nyeupe na kuwa chenga chenga. Yenye ndimu itakataa kufanya chenga, au itachelewa sana.

Mmeona nini? Sukari ni ile ile. Ikipoa polepole, chembe zake hupata nafasi ya kujipanga mistari mistari, na mpangilio huo unaitwa fuwele. Ikipozwa ghafla, chembe hukamatwa zikiwa bado zimetawanyika ovyo, na hiyo ndiyo tunayoiita kioo. Na kuna njia ya pili ya kupata kioo bila haraka kubwa. Unaongeza kitu kidogo kinachovuruga mpangilio. Asidi ya ndimu huvunja sehemu ya sukari iwe sukari za aina nyingine mbili, na hizo tatu zikichanganyika zinasukumana, hakuna inayopata kujipanga vizuri.

Basi metali nayo ni hivyo hivyo. Watu wengi hufikiri kipande cha chuma ni kitu kimoja kizima, kumbe ndani yake ni punje punje. Kila punje ni fuwele, na chembe zake ndogo kabisa, yaani atomu, zimejipanga kama mahindi kwenye gunzi. Punje moja imeelekea huku, jirani yake imeelekea kule, na kati yao kuna mpaka. Shikeni neno hilo mpaka, tutalihitaji tukifika kwenye kutu. Chuma, shaba, bati, dhahabu ya pete ya ndoa, zote zimejengwa hivyo.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba metali haiwezi kuwa kioo. Atomu za metali zinajipanga upesi mno, huwezi kuzikamata. Mwaka 1960, katika Taasisi ya Teknolojia ya California huko Marekani, mwalimu mmoja mzaliwa wa Ubelgiji, Pol Duwez, pamoja na wenzake Klement na Willens, waliyeyusha dhahabu iliyochanganywa na silikoni. Katika kila atomu 100, 75 zilikuwa za dhahabu na 25 za silikoni. Wakairusha ile metali ya moto ikagonga kipande cha shaba baridi, ikapoa kwa kasi ya karibu digrii milioni moja kwa sekunde. Walichopata ni gamba dogo jembamba tu. Lakini walipolipima kwa miale ya eksirei, hawakuona mistari. Atomu zilikuwa zimetawanyika kama mahindi yaliyopukuchuliwa na kumwagwa ndani ya debe. Hiyo ndiyo metali ya kioo. Msifikiri unaona upande wa pili kama dirishani, la, inang'aa kama metali nyingine yoyote. Ni mpangilio wa ndani tu ulio wa kioo.

Kwa nini waliongeza silikoni? Hapa ndipo kiini cha somo. Dhahabu tupu huyeyuka kwa digrii 1,064. Ikichanganywa na silikoni kwa kiasi kinachofaa, huyeyuka kwa digrii 363 tu. Yaani mchanganyiko unabaki majimaji hata baada ya kupoa sana, kisha unabakiwa na mwendo mfupi tu kufika mahali pa kuganda. Atomu hazipati muda wa kupanga foleni. Bila silikoni, ile kasi yote ya digrii milioni isingewasaidia.

Baada ya hapo kazi ikawa ni kutafuta cha kuongeza. Huko Sendai, Japani, mwalimu Akihisa Inoue na wenzake walipata mafanikio makubwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kanuni alizozitoa baadaye mtu wa shamba anazielewa bila shida. Kwanza, changanya aina tatu au zaidi. Pili, atomu zake ziwe na ukubwa tofauti, tofauti ya kama asilimia 12 au zaidi. Tatu, ziwe ni aina zinazopendana, zikikutana zishikane. Mwaga mahindi peke yake katika debe, utaona nafasi nyingi katikati. Ongeza maharagwe, kisha mtama, utikise. Punje ndogo zinajaza mapengo, debe linashiba, na hata ukitaka kusogeza hindi moja lifike kwa wenzake linakuta njia imezibwa. Ndivyo atomu zinavyozuiwa kupanga foleni.

Mwaka 1993, Atakan Peker na William Johnson wa taasisi ile ile ya California walitangaza mchanganyiko wa metali tano: zirikoniamu, titaniamu, shaba, nikeli na beriliamu. Huo huwa kioo hata ukipoa kwa digrii moja tu kwa sekunde, na unaweza kutoa fimbo nene ya sentimita kadhaa. Kutoka digrii milioni hadi digrii moja, mnaona? Moto haukubadilika. Kilichobadilika ni kilichowekwa ndani ya sufuria. Hata hivyo tuseme jambo moja, kwamba vumbi la beriliamu ni sumu kali kwa mapafu, kwa hiyo watafiti wengi wamejitahidi kutafuta michanganyiko isiyo nayo.

Kwa upande wa chuma chenyewe, utepe wa kioo wa chuma, boroni na silikoni hutengenezwa kwa kumwaga chuma cha moto juu ya gurudumu baridi linalozunguka kwa kasi. Utepe huo ni mwembamba kuliko unywele wa watu wengi. Hutumika ndani ya transfoma za stima, kwa sababu hupunguza sana umeme unaopotea kama joto hata wakati hakuna mtu anayewasha taa. Mwaka 2004 watafiti wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, walitangaza chuma cha kioo kinene cha milimita 12. Siri yao ilikuwa kuongeza itriamu, atomu moja na nusu hivi kwa kila 100. Ni kama chumvi kwenye mboga, kidogo tu.

Sasa turudi kwa mzee na mifereji yake.

Kutu ni nini? Ni chuma kinachorudi kuwa kama udongo wake wa asili. Kikipata maji na hewa, atomu za chuma huondoka moja moja, hushikana na oksijeni na kuwa unga mwekundu. Unga huo hauzibi kitu. Unabanduka, na chuma kipya kinakaa wazi. Mahali ambapo kutu hupenda kuanzia ni palipo na udhaifu, kwa mfano kwenye uchafu uliobaki ndani ya chuma, kwenye mkwaruzo, na mara nyingi kwenye ile mipaka ya punje tuliyoitaja.

Dawa ya zamani ni kuongeza kromiamu. Mwaka 1913, Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alitengeneza chuma chenye kromiamu karibu asilimia 13. Vijiko na sufuria za stenlesi tunazotumia leo ni watoto wa kazi hiyo, nyingi zikiwa na kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Kromiamu hushika oksijeni upesi na kufanya ngozi nyembamba mno juu ya chuma, isiyoonekana kwa macho. Ikikwaruzwa, inajifunga yenyewe. Lakini hata stenlesi ina adui wake. Ukiichomelea vibaya, ule moto hufanya kromiamu ishikane na kaboni kwenye mipaka ya punje. Sehemu iliyo kando ya mpaka inabaki maskini, haina kromiamu ya kutosha kufanya ngozi. Ndiyo maana mnaweza kuona geti la stenlesi linalong'aa kote, ila pale lilipochomelewa pana mstari wa kutu. Na maji ya chumvi nayo huitoboa vishimo vidogo vidogo. Ndugu zetu wa pwani wanalijua hilo vizuri.

Mwaka 1974, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Tohoku, hapo hapo Sendai, Masaaki Naka, Koji Hashimoto na Tsuyoshi Masumoto, walitoa habari iliyowashangaza wengi. Walitengeneza utepe wa chuma cha kioo chenye kromiamu, fosforasi na kaboni, wakautumbukiza katika maji ya chumvi kwa wiki nzima. Palipokuwa na atomu 8 za kromiamu au zaidi kwa kila 100, mizani haikuona uzito wowote uliopungua. Chuma cha kawaida chenye kromiamu kiasi hicho hicho kililika katika maji yale yale. Kumbe kromiamu kidogo ndani ya kioo ilifanya kazi ambayo kromiamu nyingi ndani ya punje haikuiweza.

Sababu ya kwanza mmeshaikisia. Kioo hakina mipaka ya punje. Kromiamu imesambaa sawa kila mahali, hakuna sehemu tajiri na sehemu maskini, kwa hiyo ngozi inafunika kote bila tundu.

Sababu ya pili inashangaza zaidi, na ilituchukua muda kuielewa. Fosforasi iliwekwa ili kusaidia chuma kiwe kioo, kama silikoni kwa dhahabu. Lakini ndani ya maji fosforasi hufanya uso wa metali uanze kuyeyuka kwa haraka. Mtu angesema hiyo ni hasara. Lakini chuma kinapoondoka upesi, kromiamu inabaki nyuma na kurundikana, na ngozi yake inajengwa mara moja. Ni kama kidonda kilichotoka damu kidogo kikashika gamba upesi, kuliko kile kinachochuruzika polepole siku nzima.

Lakini hapa tunawaomba msikilize vizuri, kwa sababu wauzaji wengi wangeishia hapo. Watafiti hao hao walipima pia chuma cha kioo chenye fosforasi na kaboni bila kromiamu. Hicho kililika kwa kasi kuliko chuma cha kawaida! Kwa hiyo kuwa kioo peke yake si kinga. Mtu akikuambia "hii ni metali ya kisasa", bado hujaambiwa kitu. Umuulize ndani yake mna nini, na kiasi gani.

Michanganyiko ya zirikoniamu nayo inatufundisha vivyo hivyo. Shaba huwekwa humo ili isaidie kioo kufanyika. Lakini katika maji ya chumvi, ngozi ya zirikoniamu ikishatoboka mahali pamoja, shaba hubaki ndani ya kile kishimo na kusukuma ulaji uendelee. Kile kilichosaidia kwenye sufuria kimekuwa mzigo ndani ya maji. Watafiti wameona kwamba kuongeza niobiamu kidogo hupunguza vishimo hivyo. Tena metali ya kioo ikipashwa moto kupita kiasi, atomu zake hupata nafasi ya kupanga foleni, punje zinarudi, na mara nyingi inakuwa nyepesi kuvunjika. Metali ya namna hiyo usingempelekea fundi wa kuchomelea wa jua kali aiunganishe kama geti.

Kuna mfano mmoja tumeupenda kuliko yote, nao ni wa mifupa. Katika vikundi vyetu wapo waliovunjika miguu kwa ajali za bodaboda wakawekewa vyuma na skrubu. Wanajua kwamba mara nyingi daktari hufungua tena baadaye kuviondoa, na kila upasuaji una gharama na maumivu yake. Kwa muda mrefu wataalamu wametamani metali inayoshika mfupa mpaka upone, kisha inayeyuka yenyewe mwilini. Magnesiamu inafaa, kwa kuwa mwili unaijua na kuihitaji. Taabu yake ni kwamba inayeyuka haraka mno, na ikiyeyuka hutoa gesi ya haidrojeni. Gesi hujikusanya chini ya ngozi kama povu.

Zinki ingeweza kuipunguza mwendo. Lakini magnesiamu ya kawaida, ile ya punje, inakubali kuyeyusha ndani yake atomu za zinki kama mbili na nusu tu kwa kila 100. Ukizidisha, zinki inajitenga na kukaa pembeni. Ikiwa kioo, hakuna foleni ya kulindwa, kwa hiyo inapokea zinki nyingi. Mwaka 2009, Bruno Zberg, Peter Uggowitzer na Jörg Löffler wa chuo cha ETH huko Zurich, Uswisi, walichanganya magnesiamu, zinki na kalisiamu kidogo. Walipofikisha zinki kama atomu 28 kwa kila 100, ile gesi ilipungua ghafla kabisa, kwa sababu uso ulifunikwa na ngozi imara yenye zinki. Walijaribu ndani ya miili ya nguruwe, na hawakuona povu lile linaloonekana kwa magnesiamu ya kawaida. Tangu mwaka 2013 kuna skrubu za magnesiamu ya kawaida, iliyoongezwa vitu vingine, zilizoruhusiwa kutumika Ulaya, lakini ile ya kioo ni ya utafiti. Angalieni kwamba hapa hakuna aliyetafuta metali isiyolika kabisa. Walitafuta inayolika kwa mwendo wanaoutaka wao.

Basi mzee wetu tunamjibu hivi. Ndiyo, kipo chuma ambacho maji ya chumvi yalishindwa kukila kwa wiki nzima ya majaribio, lakini ni utepe mwembamba wa maabara, si mfereji wa kuuzwa madukani kwetu. Mliyouziwa ilikuwa mabati ya kawaida yenye ngozi ya zinki. Hatusemi ni mabaya. Yangekaa miaka mingi zaidi kama yasingechomelewa. Moto ule uliunguza zinki pale pale penye kiungo, chuma kikabaki uchi mahali maji yanapotuama.

Mkienda tena kununua, ulizeni unene wa bati na uzito wa zinki iliyopakwa. Yapo pia mabati yaliyopakwa mchanganyiko wa aluminiamu asilimia 55, zinki asilimia 43.4 na silikoni asilimia 1.6. Hiyo silikoni kidogo haikuwekwa kwa bahati. Inazuia aluminiamu ya moto isishambulie chuma wakati wa kupaka. Hayo hukaa vizuri kwenye mvua, ila yasilazwe kwenye saruji mbichi wala udongo wenye maji. Viungo vikunjwe na kufungwa kwa ribiti zinazofaa, halafu vizibwe kwa gundi ya mabati, bila moto. Msitumie misumari wala waya wa shaba juu ya bati lenye zinki, kwa sababu palipo na maji shaba itaifanya zinki ilike haraka. Na pale mlipokata bati kwa msumeno, futeni vumbi la chuma siku hiyo hiyo kabla mvua haijanyesha.

Kwa majadiliano katika vikundi, tunapendekeza mchukue misumari mitatu. Mmoja wa kawaida, mmoja wa mabati, na mmoja wa mabati uliochomwa kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, nje penye hewa, kwa sababu moshi wa zinki hauvutwi. Iwekeni katika glasi tatu za maji yenye chumvi, na mweka hazina aandike anachokiona kila juma kwa mwezi mmoja. Kisha muulizane: ni vitu gani tulivyonunua kwa pamoja kwa sababu ya maneno matamu, na ni swali gani moja ambalo lingetuokolea pesa zile? Kikundi cha mzee kimeshaamua kuanza na viungo vitatu vilivyo karibu na tangi, kwa sababu ndivyo vinavyopoteza maji mengi. Tutawatembelea kabla ya mvua za vuli.

Ile sukari ya ndimu msiimwage. Watoto waliokaa mbali kwa utii wagawiwe ikishapoa.